Rudia, kwa Kiswahili Chako

Midrand, mwisho wa baridi, 2018

Yaya Ilunga,

Mnara wetu bado unasema. Kila saa unatuma habari zake huku ofisini: upepo, joto, kina cha theluji. Nati za mwisho ulizikaza wewe kwa vidole vilivyokufa ganzi, na mpaka leo hakuna iliyolegea. Asubuhi nikifika, kabla sijavua koti, nafungua kompyuta nione huko juu kumekucha vipi. Najua si kukujulia hali, lakini ndiyo salamu niliyobaki nayo.

Nakuandikia kwa sababu Jumamosi iliyopita tulitosha kilio chako. Umesikia? Mimi, mtoto wa Voi, nimeandika "tulitosha kilio" bila kuona haya. Mara ya kwanza kukusikia ukisema hivyo nilikuuliza kilio gani hicho kinachotosha, kwani mlikipima kwa debe? Ukaniambia kwenu Lubumbashi kutosha ni kutoa, na kwamba mtu aliyelia mwaka mzima lazima aje atolewe kilio mbele ya watu, la sivyo kitamkaa mwilini. Basi chako kimetoka. Na namna kilivyotoka, ni wewe tu ambaye ungecheka mahali pa kuchekea.

Unakumbuka tulivyojuana. Mazoezi ya kwaya kule Berea, mtaani kwenu, mimi nafundisha sauti za chini kwa sababu hakuna mwingine aliyekubali. Ninyi wanaume mkakosea ubeti, nikasema kwa ukali wa mwalimu, "Rudia." Wenzako wakaimba tena. Wewe ukachukua koti lako kwenye kiti, ukaniinamia kwa adabu, ukatoka. Tukabaki tunatazamana. Baadaye ukaja tena na uso wa mtu aliyeonewa. Ulikuwa umefika hadi robot ya pili, taa za barabarani, ukijiuliza umekosa nini hata mwanamke usiyemjua akufukuze kanisani kabla ya sala ya kufunga. Kwa Kiswahili chenu kurudia ni kurudi ulikotoka. Nilikuwa nimekuambia uende zako nyumbani, nawe ukatii.

Kwaya ilicheka mpaka mwenye chumba cha juu akagonga sakafu. Tangu siku hiyo ukaniita mudogo, mdogo wako, nami nikakuita yaya, yaani mkubwa wangu kwa lugha yenu. Wakenya wenzangu wa Sandton wakinisikia nikisema naenda kwa yaya walidhani nimezaa kimyakimya nikaajiri mlezi. Na kweli ulinilea. Ulinitoa kwenye duka la simu nilikokuwa nafuta vioo vya watu huku diploma yangu ya umeme iko kwenye begi, ukanipeleka kwa bosi wako hapa Midrand, ukamwambia huyu ni ndugu yangu, anapanda mnara kuliko nyani. Sikuwa nimewahi kupanda mnara hata mmoja.

Theluji ndiyo tulijifunza pamoja, tukiwa sawasawa kwa ujinga. Mimi wa nyika ya Voi, wewe wa vumbi jekundu la Katanga, na kampuni inatutuma Lesotho katikati ya baridi kutengeneza minara ya hali ya hewa. M'e Palesa, yule Mosotho mfupi wa blanketi aliyewekwa atufundishe milima, alichimba shimo kwenye theluji na kutuonyesha ukuta wake, tabaka juu ya tabaka. Alisema kila tabaka ni hali ya hewa ya siku zilizopita, na mlima hausahau. Maneno yake yote yalikuwa ya Kiingereza, nasi jioni tukakaa kuyatafutia ya kwetu. Theluji mpya tukaiita unga. Gamba gumu linalometameta, bati. Lile bamba zito ambalo upepo hulishindilia upande usio na jua mimi nikaliita ugali, wewe ukasema ugali ni jina la watu wasiojua kupika, hiyo ni bukari. Nikashindwa. Na zile punje za chini kabisa, theluji ya kwanza ya msimu iliyokaa kwenye baridi kali mpaka ikaacha kushikana, ukiichota inamwagika kati ya vidole: sukari. Hiyo hatukubishana.

Ndipo ukatunga methali yako, bukari juu ya sukari, hakuna kula. Maana bamba zito likilala juu ya punje zisizoshikana, mtu mmoja akikanyaga mahali pabaya, punje zinapondeka na bamba lote linateleza na kila kilicho juu yake. M'e Palesa alipotafsiriwa alicheka sana, na nasikia sasa anawaambia hivyo hata wazungu wake. Alitufundisha pia kusikiliza. Kabla haijakatika, theluji wakati mwingine hutoa sauti nzito chini ya miguu, kama mtu mzima aliyeudhika asiyetaka kusema. Tukasema mlima umeguna. Mlima ukiguna hakuna mjadala, unatoka.

Halafu palikuwa na kanuni ya upepo. Huko juu maneno hayafiki yakiwa mazima, kwa hiyo anayeambiwa jambo lazima alitamke tena ndipo mwenzake aamini limesikika. Hapo neno letu likataka kutuua kabla ya theluji. Siku ya kwanza nilikuambia urudie, ukaanza kushuka na kamba yangu. Tukakaa tukakubaliana: kazini "rudia" itakuwa ya kwangu, tamka nilichokuambia. Ukitaka mtu arudi, sema "nyuma". Na majina yawe ya redioni, Ilunga na Mghoi, mambo ya yaya na mudogo yabaki Berea. Ulikubali, ukasema Kiswahili cha Kenya kimeshinda kwa sababu ndicho kilichoshika funguo za gari.

Safari yetu ya mwisho unaijua, lakini acha niiseme. Nimeisema mara nyingi sana kwa watu ambao hawakuwepo, na sijaisema hata mara moja kwa aliyekuwepo.

Dhoruba ilitufungia kwenye kile kibanda cha betri chini ya mnara. Tulilala tumekunja magoti, nyayo zako kwenye mbavu zangu, na ukanisimulia jinsi mama yako anavyopika sombe, kisamvu chenu, mpaka nikakuomba unyamaze kwa ajili ya tumbo langu. Kulipotulia tukachimba shimo nyuma ya kibanda. Tulikata kinguzo cha theluji cha kupima bamba, kama tulivyofundishwa, ukaanza kukipiga juu kwa kiganja, kwanza kwa nguvu ya kifundo cha mkono tu. Hujafika hata kwenye nguvu ya kiwiko, sehemu ya juu ikateleza ikaangukia mapajani mwako. Bukari juu ya sukari. Tukarudi ndani tukangoja mchana kutwa. Hatukuwa watu wa pupa sisi, na nataka wanaosema tulikimbilia kifo walijue hilo.

Kesho yake gesi ya jiko ikaisha, na redio ikatuambia dhoruba nyingine iko njiani, kubwa kuliko ile. Kati yetu na ukingo wa mawe ambao ungetushusha salama palikuwa na kipande kimoja tu cha mteremko, kifupi kama kutoka geti la jengo lenu mpaka kwenye kiduka cha spaza. Ulisema tupite juu kabisa karibu na miamba, mmoja mmoja, wewe kwanza, mimi nisubiri kwenye mawe. Nikayatamka maneno yako yote ipasavyo. Ukaenda.

Ulipofika kati ukasimama, ukageuka, ukasema kitu. Upepo ukakichukua. Nikashuka kutoka kwenye mawe, nikaweka mguu mmoja kwenye theluji ili nisogeze sikio. Hapo nikaisikia ikiguna. Haikuguna chini yako tu, niliisikia ikipita kwenye unyayo wangu na kwenda zake. Ukanitazama, ukasema: rudia. Hivyo ndivyo nilivyoisimulia mwaka mzima, na wewe ngoja kidogo.

Nikaruka nyuma. Mteremko ukapasuka mstari mmoja mrefu juu yako, kisha wote ukaanza kuondoka. Ulishuka ukiwa umesimama, Yaya, mkono mmoja juu, halafu ukakaa, halafu kukawa na vumbi jeupe mpaka chini kwenye korongo ambako nisingefika bila mabawa.

Redioni waliniambia niingie ndani na nisitoke, theluji iliyobaki juu ya njia bado haijaamua. Nikaingia. Upepo ukaja kama ulivyoahidiwa, ukaushindilia mlango theluji kwa nje, na nilipoutia bega haukusogea. Nilikuwa ndani ya sanduku la bati na mfuko wako wa kulalia na kofia yako, na wewe uko pale pale chini, na sina pa kupita. Nilikuita kwenye kile kitundu cha nyaya mpaka sauti ikakatika. Waliokuja kunichimbua walikuwa wamekupata wewe kwanza. Nilimuuliza M'e Palesa kama uliteseka muda mrefu. Alisema hapana, nami nimeamua kumwamini.

Wanasema nilitoka. Yaya, mimi naona sijatoka. Nilipewa kazi ya mezani, dirisha lina nondo, geti lina kadi, na kila nikisikia mlango ukijifunga nyuma yangu nageuka kuujaribu. Choo cha ofisi sikifungi. Nikipita kusini mwa jiji, pale penye vile vilima vya mchanga wa migodi, na huu upepo wa Agosti unavyovipeperusha, najikuta nausoma mteremko, upepo umetoka wapi na mzigo umeuweka wapi. Dereva wa nyuma ananipigia honi, robot imeshageuka kijani zamani.

Lakini kibanda kibaya kuliko vyote kilikuwa neno lako. Mama Kapinga, mkeo, aliniuliza siku ya kwanza ya msiba, ameketi kwenye godoro chini, wanawake wamemzunguka. "Neno yake ya mwisho ilikuwa nini?" Sikumficha, nikamwambia: rudia. Alifumba macho. Akaitikia kwa kichwa taratibu kama mtu aliyepokea ujumbe aliokuwa akiungoja. "Njo vile," akasema. "Anasema turudie kwetu."

Mjane siku ya kwanza humsahihishi sarufi.

Kumbe hapo ndipo nilipojifungia mwenyewe na ufunguo nikautupa. Mkeo akaanza kuwaaga wateja wake wa kusuka, mmoja mmoja. Maboksi yakapanda ukutani sebuleni. Ikapangwa kwamba kilio kikishatoshwa, yeye na Kapinga wapande basi waende Lubumbashi kwa mama yako, moja kwa moja, kwa kuwa umesema. Kanisani wakagawanyika. Watu wa kwenu wote walisema neno liko wazi. Watanzania na sisi Wakenya tukanong'ona kwamba huenda ulitaka kitu kisemwe tena. Mzee mmoja Mrundi alisema labda Rudia ni jina la mtu, wakamnyamazisha. Na kila mgeni akija kuhani, Mama Kapinga alinipigia simu nije Berea nisimulie. Nikawa shahidi wa kesi nisiyoielewa.

Maana sikuielewa kweli. Kama ulishika makubaliano yetu, basi ulikuwa unataka nitamke lile la kwanza ambalo upepo ulilichukua, na mimi badala ya kukujibu nikakimbia. Kama uliyaacha makubaliano, basi uliniambia niokoke. Na Mama Kapinga naye ana lake. Nililala na hayo matatu, nikaamka nayo, nikayapeleka kazini. Nilikuchukia kidogo pia, nikuambie ukweli. Lugha yote ya Kiswahili na Kifaransa chote ulichokuwa nacho, ukaenda kuchagua neno hilo.

Mwezi uliopita lifti ya jengo lenu ilifufuka. Ndiyo, ile ile, nasi tukawa wajinga wa kuiamini. Nilipanda na Kapinga tumebeba maboksi matupu aliyotumwa na mama yake. Kati ya gorofa mbili ikaguna, ikasimama, taa ikazimika. Nilimkamata mtoto nikambana kwenye kona kwa mwili wangu wote, nikapiga kelele. Alipowasha mwanga wa simu alikuwa ananitazama. "Eish, Anti, hiyo ni lugha gani?" Nilikuwa nimepiga kelele kwa Kidawida, lugha ya mama yangu, ambayo sijaitamka tangu nivuke mipaka. Hata sikumbuki nilisema nini.

Tulikaa humo tukimngoja fundi. Kapinga alizungumza Kiingereza chake cha hapa, kwa haraka, kana kwamba hewa itaisha. Kwamba Lubumbashi hajawahi kuiona. Kwamba amebakiza kidogo tu afike matric, mtihani wa kumaliza shule, na kule atarudishwa nyuma akaanze Kifaransa na watoto wadogo. Kwamba mama yake hasikii. Halafu akaniambia kwa kile Kiswahili chake cha kuokoteza, ambacho ulikuwa ukikicheka na kukipenda: "Anti, mwambie Mama ni rudia ya kwenu. Ya Kenya. Please."

Hakuomba zaidi ya hapo. Niseme tu ulimaanisha sema tena, na yeye abaki alipozaliwa. Lakini mama yake alikuwa ameshikilia neno lile kwa mikono miwili, ndilo jambo la mwisho alilobaki nalo la kukutii. Nikisema ni la kwetu, namnyang'anya mjane wosia. Nikisema ni la kwenu, namfukuza mtoto kwao. Na mimi sikujua ni lipi, na sikuweza kusema uwongo juu yako, hata ule mzuri. Nilimwambia Kapinga siwezi kuapia nisichokijua. Akageukia ukuta wa lifti. Hata tulipofunguliwa hakuniaga.

Basi Jumamosi ikafika. Ungeona ukumbi wa chini wa jengo lenu ulivyojaa. Wanawake wamevaa kitenge kimoja, kwaya imepangwa vizuri, sombe ya kutosha kwa maana zote mbili. Wali na samaki vilipakuliwa kwenye sahani za karatasi kwa kuwa vyombo vya nyumbani vilikuwa vimeshafungwa. Mama Kapinga alivuliwa nguo nyeusi akatoka na nyeupe, amekonda, mrembo. Wakaomba, wakaimba. Kisha akaniita nisimame nitoe ushuhuda kwa mara ya mwisho, watu wote wasikie kwa nini anaondoka. Kapinga alikuwa mlangoni, amekunja mikono, anatazama mahali pengine.

Nikasimama mbele yao. Nikasimulia dhoruba, shimo, gesi, mteremko. Nikasimulia mlima ulivyoguna. Nikasema, "Akanitazama, akasema rudia." Mama Kapinga akanikazia macho kutoka kwenye kiti chake, akasema, "Rudia."

Nilidhani ananifukuza. Nilidhani amechoka na uso wangu uliorudi kutoka mlimani bila wako, na ameamua kunitoa mbele ya watu pamoja na kilio. Sikumlaumu. Nikachukua mkoba wangu kwenye kiti, nikamwinamia kwa adabu, nikaenda. Nilikuwa nimefika mlangoni, na Kapinga amenyoosha mkono kunizuia, ndipo nikasikia mtu wa kwaya anacheka. Kisha wawili. Kisha ukumbi mzima, wale waliokuwepo siku ya koti lako wakiwaeleza wasiokuwepo, na Mama Kapinga mwenyewe anacheka huku machozi yanamfika shingoni.

"Kuya hapa," akasema. "Miaka yote hii na Wakenya, na miye nimejua kusema. Sema tena. Vile alisema, yote. Na sauti yake."

Sauti yako hakuna aliyewahi kuniomba. Mwaka mzima waliuliza neno. Nikafumba macho, nikarudi kwenye yale mawe, mguu mmoja kwenye theluji, nikakuacha wewe useme kwa koo langu. Ikatoka: "Mudogo, rudia."

Nikajisikia mwenyewe. Nikakaa chini pale pale sakafuni.

Mudogo. Nilikuwa nimeliacha nje miezi yote hiyo, kwa sababu nani huhesabu jina lake kuwa neno? Lakini kazini hukuwahi kuniita hivyo, hata tukiwa tumelala ubavu kwa ubavu kwenye kibanda nilikuwa Mghoi. Mudogo ilikuwa ya mezani kwenu, ya bukari na sombe na kunichokoza. Uliposikia mlima unaguna ulitupa makubaliano yetu yote na ukasema kama unavyosema nyumbani, kama mimi kwenye lifti. Ulikuwa unaniambia nirudi. Uliniambia mimi, mdogo wako, niliyekuwa na mguu mahali pasipo pake.

Mama Kapinga alielewa kabla sijaeleza. Alikaa anakunja na kukunjua pindo la kitenge chake. "Kumbe alikuwa anasema na weye," akasema. Nikamwambia ndiyo, Mama, nisamehe. Sijui nilikuwa naomba msamaha wa nini. Akatikisa kichwa. "Ulirudia," akasema. "Na yeye aliona umerudia."

Hilo sikuwahi kulifikiri. Siku zote nilikuwa nakuona wewe ukishuka. Sikuwahi kujiuliza wewe uliona nini. Uliniona nimefika kwenye mawe, Yaya. Ulikuwa umenigeukia mimi, kwa hiyo lazima uliniona. Nililia mpaka wanawake wakaja kunishika, siku ambayo kilio kilipaswa kwisha.

Kisha Mama Kapinga akaomba kisu. Akasema mtu apande juu akate tepu ya boksi la sahani, ni aibu wageni wa Ilunga kula kwenye karatasi. Kapinga ndiye aliyekwenda, kwa ngazi, anakimbia.

Mkeo hajasema atabaki milele. Amesema mtoto amalize shule kwanza, halafu wataona. Desemba ataenda kumsalimu mama yako na kumpelekea nguo zako, kisha, akasema, "nitarudia." Nilimuuliza mara mbili upande gani. Amesema hapa.

Nami nimemwomba bosi anirudishe mlimani. Alinitazama sana, akasema sharp, yaani sawa, ila M'e Palesa akubali. Amekubali. Leo mnara unaonyesha upepo unatoka kaskazini-magharibi, na unajua na mimi najua unakokwenda kuweka mzigo. Naogopa. Lakini woga wa mlimani una mlango, ule wa hapa haukuwa nao. Sitamruhusu mtu yeyote akanyage kabla sijachimba shimo na kuona kilicho chini, na hao wapya watajifunza unga na bati na bukari na sukari, wapende wasipende, na majina yao ya nyumbani watakuja nayo huko juu. Kanuni ile ya majina nimeifuta.

Lala sasa, Yaya. Kilio chako kimetoshwa kwa Kiswahili chenu. Kwa chetu bado hakijatosha, lakini nitakibeba mwenyewe, si kizito kama kilivyokuwa. Lile la kwanza ulilosema, ambalo upepo ulilichukua, sitalijua na nimeacha kulitafuta. La pili ninalo lote. Kila baridi nitapanda mpaka kwenye yale mawe, nisimame hapo uliponiona nimefika, nikuitikie kama ilivyokuwa kanuni yetu.

Nitarudia. Kwa Kiswahili chako na kwa changu.

Mudogo yako,
Mghoi